Zamu ya Bibi

Saa tisa na nusu alasiri, siku ya Alhamisi, nilisema uongo kwenye njia ya Marambo. Saa naikumbuka kwa kuwa kengele ya shule ilikuwa imetoka kugongwa, na jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa ianze kusali saa kumi. Mwezi uliopita nilipita tena hapo nikitokea Ruangwa. Nyumba ya bibi haipo. Imebaki mikorosho miwili na jiwe lake la kusagia. Nilisimama hapo uso ukiniwaka, ingawa hakukuwa na mtu wa kuniona.

Nieleze kwa utaratibu. Miaka ya tisini nililelewa na bibi mzaa mama, Mmakonde aliyevuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji. Alikuwa na chale usoni, na kwenye mdomo wa juu tundu la ndonya, kile kipande cha mti walichovaa wanawake wa rika lake. Ndonya alishaivua, tundu likabaki. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Majirani hawakuwa wabaya, ila walimsalimia huku wanatembea. Jioni tulikaa wawili, harufu ya korosho za kuchoma imetuganda mikononi, tukila ugali wa muhogo na mbaazi. Halafu alisali rozari kwa Kimakonde, na kuitikia akaitikia mwenyewe.

Shuleni walinipokea kwa wimbo. "Mjukuu wa ndonya! Bibi yako akinywa chai, haivuji?" Nilicheka pamoja nao.

Kwenye kanisa letu dogo la kigango, jumuiya ilisali kila Alhamisi nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Miaka miwili zamu ilituruka. Nadhani hakuna aliyekusudia. Hakuna tu aliyejua aanzeje kumwambia. Kisha Jumapili moja mama mwenyekiti wa jumuiya akamshika bibi mkono nje ya kanisa: "Bibi, Alhamisi hii ni kwako."

Alikandika ukuta upya. Akaazima mikeka mitatu, akachemsha sufuria nzima ya mihogo na karanga. Asubuhi ile aliniambia, "Leo watu wa Mungu wanakuja kwangu. Kwangu mimi!"

Nami niliwaza kwamba watoto wa darasa langu wangekuja na mama zao, wangemsikia anavyosali. Basi nilipokutana na mama mwenyekiti njiani, nikamwambia bibi ana homa, amesema wasije.

"Maskini! Haya mwanangu, tutasalia kwangu. Mpe pole."

Bibi alikaa mlangoni na kanga yake ya Jumapili tangu saa kumi. Kila sauti ya njiani ilimnyanyua. Jua lilipozama alikunja mikeka, mmoja mmoja, akanipakulia mihogo. "Kula. Labda wamesahau." Nilikula. Ilikuwa mitamu, nikaongeza.

Kesho yake asubuhi mama mwenyekiti alifika na wanawake watatu na bakuli la uji, kumwona mgonjwa. Wakamkuta anatwanga.

"Bibi! Na hiyo homa?"

Mchi ukasimama. Bibi aliniangalia, wala hakuniangalia kwa hasira. Kisha akasema, "Imepoa. Jana ndiyo ilikuwa mbaya."

"Mgonjwa gani huyu," mmoja akacheka, "anatutwangia sisi wazima!"

Wakaketi, wakasali palepale. Bibi alisali kwa Kimakonde, na safari hii kulikuwa na watu wa kuitikia Amina. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja Mmwera akamwomba amfundishe ile sala, akaikosea, bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Tangu siku hiyo uwanja wetu haukukosa mtu: huyu anabangua korosho, huyu analeta mboga, na watoto wao wakawa rafiki zangu. Nilichotaka kumnyima ndicho kilichonilisha.

Hakunigombeza. Ila padri alikuja kigangoni mara moja kwa mwezi, na Kimakonde hakukijua. Siku moja kabla hajafika, bibi aliniita jikoni.

"Nifundishe. Nataka kuungama. Mtu akisema kitu si kweli, Kiswahili mnasemaje?"

Nikamwambia, "Nimesema uongo."

Akarudia, hewa ikimtoka kwenye tundu la mdomo, mpaka neno likakaa sawa. "Na padri akiuliza ngapi?"

"Sema mara moja."

"Mara moja," akasema, akarudi kwenye moto wake. Uongo wenyewe hakuutaja.

Jumapili nilikuwa wa tatu nyuma yake kwenye foleni ya kitubio. Niliona anapiga magoti, niliona mdomo ukilitafuta lile neno langu. Zamu yangu ilipofika, niliungama kuiba sukari.

Alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, jumuiya nzima ilimsindikiza kwa ile sala yake ya Kimakonde. Wengi wao nao wameshazikwa. Watoto wao hawaijui sala hiyo, na mimi nimebaki na nusu yake tu.

Nilipotoka Marambo mwezi uliopita nilikwenda kuungama. Nilimweleza padri, kijana mdogo, yote kama nilivyoeleza hapa. Akaniuliza ni mara ngapi. Mimi ninayeandika kila kitu kwa saa na siku nilipiga magoti pale, nikahesabu miaka yote niliyonyamaza, nikashindwa kumjibu.