Gurami wa Ami

Mpaka leo mtu akiniambia "samaki ni samaki tu" damu hunichemka. Maneno hayo ndiyo yaliyoniulia gurami wangu, samaki wa pambo. Aliyeyasema ni ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, aliyeuza samaki sokoni, changu na kolekole, maisha yake yote, akaamini hakuna chenye mapezi asichokijua.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa karani katika ofisi moja ya bandarini, nikikaa na mama Mji wa Kale. Sebuleni nilikuwa na tangi la kioo, na ndani yake gurami wawili wa lulu, dume na jike. Niliwanunua kwa mzee mmoja wa bara, mstaafu wa reli, aliyefuga samaki wa maji matamu nyumbani kwake Makupa. Mzee yule hakumuuzia mtu samaki kabla hajamsomesha.

"Dada, tazama kwanza," aliniambia. "Huyu wa lulu ana vidoa vyeupe mwili mzima, na mstari mweusi kutoka mdomoni hadi mkiani. Wa buluu ana doa moja jeusi ubavuni na jingine penye mkia. Usije ukauziwa huyu ukaambiwa ni yule." Akanionyesha dume, kifua chekundu na pezi la mgongoni refu lenye ncha. Akanionyesha zile nyuzi mbili za kifuani ambazo gurami hupapasia njia, akanionya nisimtie na samaki mdokozi atakayezing'ata, wala na mkubwa mwenye fujo. Wenzao alinichagulia mwenyewe: samaki wadogo wapole wanaokwenda kwa kundi, na wawili wa kukaa chini kwenye changarawe. Mwaka mzima sikuona ugomvi.

Basi Idi ikaja, na ami akaja na zawadi. Mfuko wa plastiki umejaa maji, na samaki ndani. "Gurami huyo," akasema kwa fahari. "Nimesikia wawapenda."

Nilimtazama nikajua. Alikuwa na urefu wa kiganja, mdomo umechongoka, michirizi myeusi imeshuka ubavuni kutoka juu hadi chini. Kidoa cheupe hata kimoja hana. Gurami ni kweli, hapo sikatai, lakini alikuwa mtoto wa aina ile kubwa ambayo mzee wa Makupa aliwahi kunionyesha kwenye pipa, inayokua ikajaa sinia na kumeza kila kilicho kidogo.

"Ahsante, ami," nikasema. "Lakini huyu hawezi kukaa na wangu. Atakuwa mkubwa mno, atawameza."

Ami alicheka mpaka kofia ikasogea. "Wanisomesha samaki mimi? Nauza samaki wewe hujazaliwa! Samaki hukua kwa kadiri ya chombo chake. Atakulia wapi kwenye kioo hiki? Samaki ni samaki tu, mwanangu."

Mama alinikata jicho. Nikaupokea mfuko.

Kwetu zawadi ya mkubwa hairudishwi, na haifichwi pia. Akikupa saa, uivae siku atakayokuja. Akikupa kitambaa, akikute umeshakishona. Mimi nilimtia yule samaki kwenye besheni kubwa bafuni, nikamfunika kwa wavu, nikamwambia mama kwa lugha ya Kiswahili isiyo na fumbo: asiguswe, nitampelekea mzee wa Makupa Jumamosi.

Sasa sikiliza balaa. Wiki hiyohiyo dume langu lilianza kujenga. Gurami hujenga kiota cha povu juu ya maji, kipovu kwa kipovu, chini ya majani yanayoelea. Mwaka mzima nilikuwa nikingoja hilo. Nilipunguza maji, nikaziba pembe moja kwa gazeti ili wasisumbuliwe, na Alhamisi jioni mayai yakawa yamo ndani ya povu, madogo kabisa, na dume chini yake akilinda. Furaha niliyokuwa nayo! Nilimwita mama aone, akatazama, akasema "Mashallah" na kurudi jikoni.

Ijumaa asubuhi nikaenda kazini. Ami huja kwetu kula kila Ijumaa akitoka msikitini, na mama akakumbuka kwamba ami ataangalia tangi, na zawadi yake haitakuwamo. Ati aibu! Akachukua upawa, akamteka samaki bafuni, akamtia kwenye tangi. Kisha akarudi kupalia makaa pilau yake.

Niliporudi mchana sikuona povu. Gazeti lilikuwa limebanduliwa ili mgeni aone vizuri. Yule wa michirizi alikuwa akizunguka katikati ya tangi kwa raha zake, tumbo limetuna. Jike langu limejibanza nyuma ya jiwe. Dume nililikuta limelala ubavu juu ya changarawe, nyuzi zote mbili zimekatwa, pezi lile zuri limeraruka, likitweta. Nililiteka kwa viganja vyangu nikalitia kwenye bakuli. Likafa mikononi mwangu, nami bado sijavua buibui.

"Mama, nilikuambia nini?" nikapiga kelele.

"Punguza sauti, ami yako yuaingia."

Ami akaingia, akasalimu, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Akainama. Akatabasamu. "Waona? Nilikwambia. Ameshazoea."

Wallahi sikuweza kujizuia. Mimi ambaye kabla ya siku hiyo sijapata kumjibu mtu mzima, nilimsogezea lile bakuli mpaka chini ya pua. "Ami, samaki wako ameua wangu. Amekula na mayai. Nilikueleza ukanicheka. Wewe wawajua samaki waliokufa, hawa wazima huwajui!"

Ami alilitazama bakuli, akanitazama mimi, na kwa nukta moja niliona usoni mwake kwamba ameelewa. Ameelewa kabisa. Nilingoja aseme. Neno moja tu lingenitosha.

Akamgeukia mama. "Shemeji, hivi ndivyo tunavyojibiwa nyumba hii?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la pilau, macho yamemjaa machozi. "Muombe radhi ami yako," akaniambia. "Sasa hivi."

Nikaweka bakuli mezani. Nikauchukua mkono wa ami, nikaubusu, nikasema, "Niwie radhi, ami."

Akaniwekea kiganja kichwani. "Nimekusamehe, mwanangu," akasema, kisha akanawa mikono, akaketi mkekani, na kunitaka nimsogezee kachumbari.