Mama Alipaka Chokaa Mawe Yangu ya Utafiti

Admin, nifiche jina tafadhali, mama ana marafiki wengi humu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa, nasomea shahada ya pili ya jiolojia hapa Nairobi, na nina hasira mpaka chakula hakishuki.

Kazi yangu ni mawe ya taka, yale yanayotupwa mgodini. Yakikaa nje yakapigwa na mvua na jua, hunyonya hewa ya kaboni na kuifungia ndani, yakaota ukoko mweupe. Mimi napima yameshika kiasi gani. Niliyapima mwanzo, nikayaweka uani kwa mama, huku nyuma ya maduka ya Adams, yakae miaka miwili kisha niyapime tena. Chuoni wangeyatupa. Nikamwambia mama yasiguswe kabisa, akasema sawa.

Jumamosi ilikuwa ruracio yangu, wakwe wanaleta mahari. Natoka saluni Ngara nimependeza, nafungua geti, naona mawe yangu yote yamepangwa kando ya njia, yamepakwa chokaa. Meupe pe!

"Mum, si nilikuambia usiguse?"

"Kwani nimetupa? Ulitaka wakwe wapite kwa mawe chafu hivyo?"

Nililia poda ikaharibika, wageni wakadhani ni furaha. Mama mkwe akayasifu mawe.

Wenzangu, chokaa nayo hunyonya hewa ile ile. Sitajua tena ipi ni ya jiwe na ipi ni ya mama. Kuchukua mengine haiwezekani, lile rundo la mgodini lilishabebwa likajengewa barabara. Mchumba wangu anacheka, "Babe, si uoshe tu?" Nikisugua chokaa itoke, na ukoko unatoka!

Aliyenimaliza ni mwalimu wangu. "Wewe pima hivyo hivyo. Nyeupe ni nyeupe, nani atajua?" Najua hesabu itatoka kubwa, nitapigiwa makofi na joho nitavaa mwaka huu. Nikisema ukweli, miaka miwili imeenda na maji, na ofisi iliyoniahidi kazi haitaningoja. Tena wataniuliza ni nani alipaka.

Nipime ninyamaze, ama niseme nianze upya? Niambieni bila kunibembeleza, maana leo asubuhi mama amenunua mfuko mwingine wa chokaa. Anasema mvua imeanza kuyachafua, na mbona hata asante sijamwambia.