Shina la Mviringo

Pelagia, msuka mikeka wa kijijini Murungu, aliyatambua majani ya bondeni kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alilibiringisha shina vidoleni: lenye pembe tatu ni ukangaga, linafaa mkeka, la mviringo huoza upesi, hutupwa. Bintiye Ndayikeza hakulishika somo hilo hata siku moja. Kila mzigo aliokata ulikuwa mchanganyiko, na mama alifoka miaka yote, “Hivyo ni vidole au vijiti, we mtoto?”

Mwaka 2014 homa ya siku tatu ikamchukua Ndayikeza. Pelagia akaketi kusuka mkeka wa kumzikia, kwa majani aliyoyaacha binti mwenyewe yakikauka uani. Katikati ya kazi, vidole vikakuta shina la mviringo. Akalishika kitambo. Kisha akalisuka hivyohivyo, mahali ambapo kifua cha mwanawe kingelala.