Amri Ambayo Yusra Hakutaka Kuiomba

Saa mbili asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la fotokopi mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, Yusra Bashiru anaandika amri moja kwenye kompyuta na kusubiri. Maandishi ya kijani yanateremka. Anatazama meza ya pili, anakokaa Ancha. Ancha ameshamaliza, anakunywa chai.

"Amenitangulia tena," anasema Yusra kwa sauti ndogo.

Yusra ana miaka 24. Kazi hii ya kuandika programu alijifunza kwa simu, Mtwara, Tanzania, familia yake ilipokimbilia huko vita vilipoingia Palma mwaka 2021. Sasa yeye na Ancha wanatengeneza programu ya wauzaji wa samaki. Kazi yote iko kwenye folda kuu moja, na ndani yake kila mmoja ana folda yake.

Mwezi ujao chefe wao, yaani bosi, Tarique, aliyeko mji wa Pemba hukohuko Msumbiji, atamchagua mmoja wao kutunza folda kuu. Mshahara utapanda kutoka meticais 15,000 hadi 22,000. Yusra anaitaka nafasi hiyo.

Mwezi Machi, Ancha aliandika kifaa kidogo, yaani programu ndogo ya kukagua na kupanga kazi, akakiweka kwenye folda yake. Kwake amri ya kukiita ilifanya kazi. Kwa Yusra kompyuta ilijibu kuwa haipatikani, kwa kuwa folda yake haikujua kifaa kiko wapi.

"Ningemwuliza tu," anasema Yusra. "Lakini Tarique alikuwa amemsifu mbele ya wote. Mdomo ukakataa."

Akakinakili kimyakimya, akabadilisha mistari miwili kiwe bora kuliko cha mwenzake.

Kwa wiki tatu, faili moja wanalolitumia wote lilikuwa likipangwa hivi na Yusra, na vile na Ancha. Ancha akadhani ni yeye anayekosea, akawa anarekebisha kila asubuhi. Siku ya kupeleka kazi Pemba, ukaguzi uligoma: kilichokubaliwa na kifaa cha Yusra, cha Ancha kilikikataa.

Tarique akapiga simu kuuliza nani kafanya.

"Ni mimi, chefe," Yusra alijibu. "Nilikikopi."

Ancha alimgeukia. "Shoga, wiki tatu najiona kichaa. Ungesema unakitaka, ningekupa na chai."

Kifaa kikahamishiwa folda kuu, kimoja tu, na kila folda ikaandikwa kwamba inakihitaji. Sasa amri inapatikana kote. Mistari miwili ya Yusra ilibaki.

"Ni mizuri," anakiri Ancha bila kuinua macho.

Lakini jina lililo juu ya kifaa ni la Ancha. "Linaniuma," anasema Yusra. "Nikikitumia, nalisoma."

Siku hizi anaandika orodha ya vifaa vingine vinne vilivyorudiwa kwenye folda zao, na namna ya kuvileta pamoja. Ijumaa atampelekea Tarique, kwa jina lake mwenyewe.

Na akichaguliwa Ancha?

"Nitampongeza. Kwa meseji. Uso kwa uso sitaweza."