Mke wa Manju

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa mke wa manju. Kuanzia Sapiwi mpaka Lamadi watu waliokuwa wakicheza ngoma walizijua nyimbo za mume wake, na yeye walimjua kwa sababu ndiye aliyekuwa akimwitikia. Mzee alipofariki, ndugu zake walisubiri matanga yaishe, wakaswaga ng'ombe wote, kisha wakasema nyumba ya Sapiwi ni ya ukoo, na mama mkubwa hakuzaa. Akaja kwetu Bariadi, mimi na yeye tukawa tunalala chumba kimoja.

Mwaka ule televisheni ilikuwa inaonyesha tamthilia ya enzi za watemi, kila Jumapili jioni. Ilihusu mjane wa mtemi mashuhuri aliyefukuzwa ikulu, akaishia kutwanga nafaka za watu kwa aliyekuwa mtumishi wake. Mimi na mama tuliipenda. Mama mkubwa alikaa nyuma yetu akichambua mchele, tukadhani haangalii.

Jumapili moja yule mjane akatolewa ikulu. Alijitupa chini, akagaagaa, akalia kwa sauti. Mama alikuwa anafuta machozi. Mara tukasikia nyuma yetu, "Hapana. Halii mtu hivyo."

Mama akageuka. "Kwa nini, dada?"

"Wanakuangalia. Unafunga mzigo, macho yako kwenye kamba. Unaogopa isije ikafunguka njiani vitu vikamwagika mbele yao."

Mama akapunguza sauti ya televisheni. Mama mkubwa hakuwahi kutusimulia alivyoondoka Sapiwi. Siku hiyo alisema kwamba aliyesimama mlangoni kungoja funguo alikuwa shemeji yake mdogo, yule aliyemkuta angali mtoto akamlea, akimbeba mgongoni kwenda shambani.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Alisema, 'Shemeji, naomba funguo.' Kwa adabu kabisa." Akarudi kwenye mchele wake. "Afadhali angenitukana."

Mama akamshika mkono. "Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia nini, mayu, mdogo wangu? Nilikuwa naona aibu."

Baada ya hapo hakuiangalia tena ile tamthilia. Jumapili jioni alikuwa anatoka kwenda kukaa kwa jirani, na sisi pia tukaacha kuifuatilia.

Aliugua mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna pamba. Siku zake za mwisho alimwambia mama asikubali wampeleke Sapiwi. Alipofariki, wale shemeji zake walikuja na gari, wamejiandaa. Walisema mke wa manju lazima alale pembeni ya mume wake, na wacheza ngoma wameshaitwa. Mama yangu ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akibishana na wanaume. Siku hiyo alisimama mlangoni mwa chumba alimolazwa marehemu, akasema, "Hamumgusi."

Mkubwa wao akaanza kueleza mila. Yule mdogo akamkatiza. "Kaka, tuache. Huyu tulishamfukuza sisi wenyewe." Akakaa chini kwenye vumbi, akalia kama mtoto. Hakuna aliyemnyamazisha, wala aliyemwendea.

Tulimzika Bariadi mchana. Watu hawakuwa wengi, na ngoma haikuchezwa. Walioitwa walikuwa Sapiwi wanasubiri. Wimbo wa kanisani tuliimba ubeti mmoja tu, mama akashindwa kuendelea.

Usiku ule mama alikuja kulala kitanda cha dada yake. Nilimsikia akigeukageuka mpaka majogoo walipowika, akaamka kuwasha moto.