Mita Mbili za Maji

Idara ya gesi ilitangaza kwamba zebaki, kwa kuwa ni sumu, haitatumika tena kupima mabomba ya gesi, na kwamba katika kanuni zote kila palipoandikwa "zebaki" sasa pasomeke "maji". Tarakimu zingebaki zilezile, ili kuepusha usumbufu.

Hivyo bomba jipya, ambalo zamani lingejazwa upepo wa kuinua zebaki milimita mia moja na hamsini, na likivuja zebaki ikashuka, sasa lingeinua maji kiasi hichohicho: urefu wa kalamu. Zebaki ni nzito kuliko maji mara kumi na tatu na nukta sita, lakini hilo halikujadiliwa.

Aliyesumbuka alikuwa fundi bomba mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka barabara, aliyeitwa na mtaa mzima Mama Presha. Alikuwa amefunga gesi kwenye duka la mikate la mdogo wake. Mkaguzi wa Idara alipima, maji yakatulia, akatoa kalamu asaini.

"Subiri kwanza, kaka," fundi akasema. Akauchukua mpira wa kipimo, akaupuliza kwa mdomo. Maji yakapanda palepale. "Umeona? Hata mapafu yangu yamepita ukaguzi."

"Hesabu naijua, dada. Ila mimi nimetumwa na tangazo."

Mdogo wake akaja juu, unga hadi kwenye nyusi. "Si limepita? Nimeshakanda! Unataka nini tena?"

"Wewe unalala wapi?"

"Si hapo juu ya oveni."

"Na wanao?"

"Hapohapo."

"Basi nyamaza."

Mia moja na hamsini mara kumi na tatu na nukta sita: milimita elfu mbili na arobaini. Zaidi ya mita mbili za maji. Fundi alitoka, akarudi na mpira mrefu mwangavu, akaufunga kwenye ukuta wa ngazi ukishuka, ukipinda, ukipanda tena, akaumiminia maji yenye rangi nyekundu ya keki. Akaunganisha pampu ya baiskeli, akapampu hadi jasho likamtoka. Mkaguzi, ambaye hakuna aliyemwomba, alikuwa juu ngazini ameshika futi.

"Imefika!"

Wakasubiri. Maji yakaanza kuteremka taratibu, kama mgeni anayeondoka bila kuaga.

Fundi akapaka povu la sabuni kiungo baada ya kiungo. Nyuma ya oveni, povu likachemka.

"Hapo alifunga nani?" mdogo wake akauliza, kwa upole wa kuudhi.

"Kuna fundi mmoja hivi. Nitamtafuta."

Alikifungua kiungo, akakifunga upya, akapampu tena. Unga ukaumuka, ukamwagika kwenye karai, na hakuna aliyeugusa. Safari hii maji yalisimama mita mbili na ushei, yakagoma kushuka. Mkaguzi akasaini kwamba bomba limeshika milimita mia moja na hamsini za maji, kama tangazo linavyotaka.

Tangazo halijabadilishwa, na mkaguzi bado hulisoma kwa sauti kabla ya kila kazi. Mpira anaotembea nao siku hizi una mita tano, mbili na nusu kila upande ukikunjwa.