Programu ya Kupokea Simu za Binti

Kazini walimwita Mzee Seva, naye jina alilipenda. Kompyuta zote za ghala ziliendeshwa kwa mfumo wa Linux, na yeye ndiye aliyezipangia huduma za nyuma ya pazia: ipi iwake kwanza, ipi isubiri mtandao, na kila iliyofanya iandikwe wapi. Ungewasha huduma kwa mkono, ungemjua, angekuuliza: “Ukienda likizo, itaamshwa na mama yako?”

Nyumbani sasa, aibu tupu. Kompyuta kuukuu ya sebuleni ilikuwa na programu moja tu ya maana, ya kupokea simu za mtandaoni, aliyoiacha kitindamimba wao, yeye na mkewe, kabla ya kusafiri. Binti alikuwa amebadilisha namba ya simu, mpya hawakuwa nayo. Akitaka kuongea nao, angepitia humo. Na Mzee aliiwasha kwa mkono! Umeme ukikatika hata kidogo, kompyuta ikirudi programu ilibaki imelala, na kumbukumbu za simu zilizoingia, kwa kuwa ziliwekwa kwenye memori tu, isiyohifadhi kitu bila umeme, zilikuwa zimefutika zote.

“Kapiga?” mkewe aliuliza kila akitoka kazini.

“Huenda alipiga, mama. Si umeme huu!”

Basi mama angeutukana umeme matusi yasiyoandikika, roho ikamtulia, akaenda jikoni akiimba.

Jumapili moja Mzee uvumilivu ulimwishia. Alimkumbuka mwanawe mpaka akaisukuma sahani pembeni. Akakaa kitako, akaandika faili la huduma: programu iwake yenyewe mashine ikiwaka, ingoje mtandao, ikianguka iinuke. Kumbukumbu akaziamuru ziandikwe kwenye diski, umeme ukatike usikatike. Akajisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumsifu.

Majuma yakapita. Umeme ulikatika, ukarudi, na maandishi yalikuwa palepale: imewaka, inasubiri. Imewaka, inasubiri.

“Kapiga?”

Safari hii Mzee hakuwa na pa kujifichia. “Hajapiga, mama. Hajapiga hata mara moja.”

Mkewe aliketi, mkoba ungali begani. “Hiyo mashine imejuaje?”

“Nimeipanga isisahau.”

“Ipange isahau,” alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. “Tafadhali, baba. Nirudishie umeme wangu niulaumu.”

Mzee Seva hakubisha. Alivuta kiti, akazirudisha kumbukumbu kwenye memori. Ila programu yenyewe hakuigusa. Aliiacha iendelee kujiwasha.